Andika Kwanza Siku za Kupumzika

Nilipoanza mazoezi hapa Lamu, kosa langu lilianzia kwenye karatasi kabla ya kufika miguuni. Nilipanga siku 6 za kukimbia kwenye ufuo wa Shela, nikaiacha Ijumaa peke yake, tena kwa sababu ya sala na shughuli za nyumbani, si kwa kuufikiria mwili. Katika wiki ya pili miundi ilianza kuniuma hata nikipanda ngazi, na jirani yangu ambaye ni muuguzi aliponiuliza, "Mwanangu, miguu hii inapumzika siku gani?" sikuwa na jibu. Nilikaa karibu mwezi mzima bila kufanya zoezi lolote.

Niliporudi, niliandika siku za mapumziko kwanza, kisha mazoezi nikayapangia nafasi zilizobaki. Zoezi huichosha misuli, na kujijenga kwake hutokea baadaye, mtu anapolala na kula vizuri. Kwa anayeanza, maumivu ya misuli huwa makali zaidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu baada ya zoezi, huku mifupa na kano zikichelewa kuzoea kuliko pumzi. Hapo ndipo nilipodanganyika: pumzi ilikuwa imetulia, nikadhani miundi nayo iko tayari.

Sasa napumzika Ijumaa na Jumatatu. Jumamosi, Jumanne na Alhamisi natembea kwa haraka, na Jumapili na Jumatano nafanya mazoezi ya nguvu. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wafanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya misuli siku 2 au zaidi, lakini nakusihi usijitwishe kiwango hicho tangu wiki ya kwanza. Mimi nilianza na dakika 20 kwa kila siku ya kutembea, nikawa naongeza dakika 5 kila baada ya wiki 2, hata nikafikia dakika 50 mara tatu kwa wiki baada ya wiki 12. Mwendo unaofaa ni ule unaokuruhusu kuzungumza na mwenzako, ila ukitaka kuimba kasida pumzi haikutoshi.

Kwetu sisi wa kisiwani ratiba haiwezi kufuata saa ya ukutani tu. Maji kujaa huchelewa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo mchanga mgumu ulioukanyaga Jumamosi baada ya sala ya Alfajiri huenda Alhamisi saa hiyo hiyo umefunikwa, ukabakiwa na mchanga laini wa juu ambao mguu huzama ndani yake na kuichosha misuli ya nyuma ya mguu upesi. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hupanda zaidi. Siku kama hizo siuendei ufuo kabisa. Natembea mjini asubuhi mapema, kabla ya punda wa mizigo kujaa vichochoroni. Anayeanza asikimbie kwenye mchanga laini hata kidogo, kwa maoni yangu, mpaka miezi kadhaa ipite.

Mazoezi ya nguvu hayahitaji chombo chochote. Baraza ya mawe inatosha: naweka mikono ukingoni mwake na kupiga pushapu, ambazo ni nyepesi kuliko za sakafuni, kisha naikalia na kuinuka bila kujishikilia. Kila zoezi nalirudia mara 8, napumzika kidogo, halafu narudia tena.

Mwenye presha, kisukari au maumivu ya kifua azungumze na daktari kabla ya kuanza. Mwezi wa Ramadhani mimi hupunguza dakika na kutembea baada ya futari, ninapoweza kunywa maji.

Siku ya mapumziko si lazima ulale. Kwenda sokoni au kuwatembelea jamaa hakuna ubaya. Jambo ninalolichunga zaidi ni aina ya maumivu. Misuli ikichoka miguu yote miwili, uchovu huo hupungua nikishaanza kutembea. Lakini maumivu yakikaa mahali pamoja juu ya mfupa, na kuzidi kila ninapokanyaga, naigeuza siku hiyo kuwa ya mapumziko, wala siifidii kesho yake.