Kuhusu treni ya Bububu na mwakilishi asiyepokea simu

Dada yangu, nimekufahamu: unataka treni irudi njia ya Mjini–Bububu, Zanzibar, na mwakilishi wenu toka uchaguzi upite simu hapokei.

Treni ilikuwepo kweli, mwanzoni mwa karne ya 20, lakini usianze na historia. Viongozi watakusifu, kisha wakuache. Anza na foleni. Kaeni watu watatu kituoni asubuhi, wiki nzima, mhesabu na kuandika daladala za 502, za njia ya Bububu, zinazopita zimejaa na abiria wanaobaki. Karatasi hiyo hawawezi kuibishia.

Halafu andikeni barua yenye saini za wakaazi, ipite kwa sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa wenu), nakala kwa diwani. Nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa! Mimi ya mwanzo niliiacha mezani tu, wakanambia hawajaiona. Mwakilishi muombeni aulize swali kwenye Baraza la Wawakilishi, na mapema, maana mwaka wa fedha unaanza Julai. Bajeti ikishapita, ngojeni mwakani.

Reli ni ghali, kwa hiyo dai na mabasi makubwa pia. Kuandamana bila ya kuwaarifu polisi, usithubutu. Na kabla hujamtaja mtu kwa wizi hadharani, muone wakili.