Juni ya Kanada: sherehe hizi zote ni za nani?

SWALI: Mhariri, tulihamia Winnipeg kutoka Kigoma mwaka jana. Kalenda ya shule ya wanangu inaonyesha sherehe tatu ndani ya wiki moja ya Juni, kisha Siku ya Kanada. Je, zote ni za taifa, na sisi wageni tunahusika?

JIBU: Ndugu msomaji, sikukuu ya taifa ni tarehe 1 Julai, inayokumbuka makoloni ya Uingereza yalivyoungana mwaka 1867, ingawa huko Newfoundland, mashariki mwa nchi, asubuhi ya siku hiyo ni ya maombolezo kwa askari wao waliouawa Beaumont-Hamel, Ufaransa, mwaka 1916 katika Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 21 Juni ni ya wenyeji wa asili, waliokuwapo kabla ya hao wote, na 24 Juni ni sikukuu rasmi ya jimbo la Quebec. Inayowagusa ninyi moja kwa moja ni 27 Juni, Siku ya Tamaduni Mbalimbali, kwani sheria ya mwaka 1988 inatambua haki ya kila jamii kudumisha urithi wake.

Kwa bahati nzuri mko mjini panapofaa. Folklorama, tamasha la tamaduni lililoanza mwaka 1970, hufanyika hapo kila Agosti kwa majuma mawili: kila jamii hupewa ukumbi wake, wageni wakaketi mezani, wakala chakula cha wenyeji wao huku wakitazama ngoma, na kazi karibu yote hufanywa na watu wa kujitolea. Msiende kutazama tu. Ulizeni mapema kama jikoni wanahitaji mikono.