Mobilihomu, leso tano na jua lisilozama: tulivyowapeleka watoto Ufaransa

Wifi yangu anakaa Brussels na kila mwezi wa saba anakodi kijumba cha magurudumu huko Ufaransa, pwani ya Vendée, wenyewe wanakiita mobil-home, mimi nitaandika mobilihomu ili tuendelee. Mwaka jana akatuambia njooni, nyumba nalipa mimi, nyinyi leteni watoto tu. Hiyo "tu" jamani! Watoto wetu ni watatu, wa kwanza miaka 6, wa pili 4, kitinda mimba mwaka mmoja na nusu, na tunakaa Ntinda, Kampala, ambapo hata kwenda Tororo kwa mama yangu tunafunga mizigo siku mbili.

Kwanza mjue ni kitu gani, maana mimi mpaka siku ya kufika nilikuwa nadhani ni gari, kama yale ya wazungu wanaopita kwenda mbuga ya Murchison na kitanda juu. Siyo. Magurudumu yapo chini lakini haiendi popote, imeegeshwa ndani ya kambi ya watalii pamoja na nyingine nyingi, ina jiko la gesi, friji ndogo, bafu, choo, vyumba viwili ambavyo ukifungua mlango unagonga kitanda, na baraza ya mbao nje. Ukubwa wote kama mita 30 za mraba. Sufuria, sahani na vijiko unavikuta, vimehesabiwa kwenye karatasi. Lakini shuka hakuna na taulo hakuna, labda ulipie zaidi, na hilo wengi hawajui kwa sababu kichwani tunafikiria hoteli. Uliza kabla hujafunga begi.

Mambo ya karatasi nitayapitia haraka. Viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, unaomba kwa nchi ambayo mtalala siku nyingi zaidi, siyo ile mnayotua, kwa hiyo sisi tulitua Ubelgiji lakini tukaomba ya Ufaransa maana siku 10 tulikuwa huko na 4 tu kwa wifi. Mtu mzima euro 90, mtoto wa miaka 6 mpaka hajafikisha 12 ni 45, chini ya 6 bure, na wote walio chini ya 12 hawachukuliwi alama za vidole. Bima ya safari isipungue euro 30,000 kwa kila mtu, hata huyo wa pempasi. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, sasa wewe kaa usubiri mwezi wa sita uone. Na karatasi ya kukodi nyumba iandikwe majina yenu wote, yetu ilikuja na jina la wifi peke yake ikabidi arudi kuwaomba kambi waandike upya. Kadi za homa ya manjano nazo msiziache, wakati wa kurudi Entebbe zinaulizwa.

Haya, mizigo. Nilinunua shuka mpya soko la Owino, nikazifua, nikazipiga pasi, nikazipanga kwenye begi kubwa pamoja na taulo, nikajiona mama wa maana. Begi halikufika. Ndege gani sitasema, lilikuja baada ya siku mbili. Kilichotuokoa ni kwamba mama yangu alinisisitiza nibebe leso, yaani khanga, kwenye mkoba wa mkononi, nikazitia tano kumridhisha tu. Wallahi hizo leso zilifanya kazi ya mitume. Usiku ule wa kwanza zilikuwa shuka, asubuhi taulo, mchana nimembebea mtoto mgongoni ufukweni na wazungu wanatuangalia kama sinema. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: leso, na nguo za siku mbili za kila mtoto, mnapanda nazo ndege mkononi.

Sasa kitu ambacho hakuna aliyeniambia. Jua! Sisi huku Uganda tumezaliwa kwenye ikweta, saa moja jioni giza limeingia, Januari hadi Desemba, na watoto wangu wanajua giza ndiyo kulala. Kule mwezi wa saba saa nne usiku jua bado linachungulia, unamwambia mtoto kalale anakuangalia kama umerukwa na akili, "mama si mchana?" Siku ya kwanza walilala saa sita, asubuhi wakaamka wamenuna wote watatu, kelele tupu, na ile nyumba ukuta wake mwembamba jirani anasikia hata ukipiga chafya. Pazia za mle ndani ni jina tu. Siku ya pili nikatundika leso mbili nyeusi nzito dirishani kwa pini za nguo na utepe wa gundi, chumba kikawa giza kama Tororo umeme ukikatika, na wakalala. Bebeni pini za nguo, dazani nzima, zinasaidia pia kuanikia.

Usiku pia kuna baridi msidanganywe na neno kiangazi, siyo ya kuua ila kama ya Kabale, kule milimani kwetu, sweta na soksi za kulalia ziwepo.

Chakula mnapika wenyewe na hapo ndipo mobilihomu inapoishinda hoteli kwa wenye watoto wadogo. Ila jueni forodha. Nyama na maziwa kutoka huku haviruhusiwi kuingia Ulaya, isipokuwa maziwa ya unga ya mtoto na chakula chake, mpaka kilo 2. Matunda na mboga vinatakiwa cheti cha afya ya mimea, lakini yapo matano yaliyosamehewa: ndizi, nanasi, nazi, tende na durian. Mmesikia? Ndizi! Baba watoto alibeba matoke kwa raha zake, mimi nikabeba unga wa posho, yaani wa ugali, na binyebwa, karanga za kusaga. Mukene, dagaa wetu, sikuthubutu, harufu yake ingetushusha kwenye ndege. Mtoto ambaye kila kitu cha kule alikikataa siku tatu, akipewa matoke na binyebwa anakula anamaliza, sasa wewe unataka kupoteza likizo ukibishana na mtoto juu ya jibini?

Kuogelea. Kambi nyingi za Ufaransa haziruhusu mwanaume kuingia bwawani na kaptula, hata iwe ya kuogelea, wanataka ile chupi inayobana. Baba watoto, mtu mzima na kitambi chake, akapigiwa filimbi mbele za watu akarudi kununua ya dukani pale kambini, rangi ya machungwa, ndiyo pekee iliyobaki saizi yake. Nunueni kabla. Na wa pempasi awe na ile ya majini, ya kawaida inavimba.

Gari nalo: watoto chini ya miaka 10 kule sheria inataka kiti chao kila mmoja, na viti vitatu kwenye siti moja ya nyuma havikai. Wifi ikabidi akodi la siti saba. Kutoka Brussels mpaka huko ni zaidi ya kilomita 700, tuliondoka alfajiri watoto wakiwa bado na nguo za kulalia, na hiyo naona ndiyo akili ya pekee tuliyofanya siku hiyo.

Kitanda cha juu, kama chumba cha watoto kina vya kupandana, asilale aliye chini ya miaka 6. Wangu walipigania, nikampa mkubwa, mdogo akalia usiku mzima. Amueni nyumbani kabla, siyo pale.

La mwisho kubwa, afya. Mtoto akipata homa mkiwa huko, au hata wiki chache baadaye kwa wale wanaokaa zaidi, mwambie daktari neno la kwanza kabisa kwamba mmetoka Uganda na apimwe malaria. Wao homa ya mtoto wanafikiria mafua. Mtoto anaweza kuumwa na mbu Entebbe akaugua Ufaransa. Namba ya dharura ni 112, ya madaktari ni 15, niliziandika kwenye mlango wa friji kwa sababu mimi na Kifaransa hatujuani.

Siku ya kutoka mnasafisha wenyewe, mnakaguliwa, ndipo mnarudishiwa pesa ya amana mliyoweka mwanzoni. Yule dada akahesabu vijiko, kimoja hakipo, tukatafuta mpaka chini ya magodoro, mwishowe akatusamehe. Tumekuja kukikuta Ntinda, ndani ya kiatu cha kitinda mimba.