Siku Saba Ayalandi: Twende Miji Gani?

SWALI: Mhariri, mimi na mume wangu tutakwenda Ayalandi mwezi Juni kwa likizo ya siku saba. Tuchague miji ipi, na je, tunaweza kupitia Belfast?
Msomaji, Moshi

JIBU: Dada yetu, siku saba hazitoshi kuizunguka nchi nzima, hivyo ningewashauri mkae Dublin siku mbili tu, kisha mpande treni hadi Galway, safari ya takriban saa mbili na nusu, na mmalizie likizo huko. Galway iko pwani ya magharibi na katikati yake hutembeleka kwa miguu. Jioni wapiga fidla na filimbi huketi kuzunguka meza moja ya baa wakipiga muziki wa jadi, na mabasi ya watalii hutoka hapo kwenda kwenye majabali ya Moher, yanayofikia mita 214 juu ya Atlantiki. Juni jua huzama huko karibu saa nne usiku, kwa hiyo msiwe na haraka. Kilkenny, yenye kasri la kale, yatosha kwa siku moja kutoka Dublin.

Kuhusu Belfast, zingatieni sana: mji huo uko chini ya Uingereza, na Mtanzania huhitaji viza ya Uingereza mbali na ile ya Ayalandi, hata kama mpakani hamtasimamishwa.