Mkulima, mchimbaji na wale wa kuchimba dawa

Mwalimu, ni kweli "mkulima" limetokana na "mlima", kwa sababu wazee walilima vilimani?

Hapana. Na nimeshachoka kulijibu. Milima ni ngeli nyingine, wakulima ngeli nyingine. Maneno kufanana sauti hakuyafanyi ndugu.

Basi hiyo "ku" ya "mkulima" imetoka wapi? Mbona hatusemi "mlimi"?

Hapo umeuliza. Mzizi -lim- ni wa kale, ulikuwapo kabla Kiswahili hakijaitwa Kiswahili. Kwa desturi mtenda huvishwa m- mwanzoni na -i mwishoni: iba, mwizi, pika, mpishi, linda, mlinzi. Kwa hiyo lima ingezaa "mlimi", na majirani ndivyo wanavyosema: Wachewa mlimi, Washona murimi, Wakikuyu mũrĩmi, Wazulu umlimi. Sisi tukaibakiza ku- ya kitenzi tumboni mwa neno: m-ku-lima, mtu wa kulima. Mkufunzi naye ana ku- hiyohiyo, ya kufunza. Ila msianze kuitafuta kila mahali. Ya mkutubi ni ya Kiarabu, kutub, vitabu.

Na kulima kwenyewe ni kuupindua udongo kwa jembe, basi. Kupanda, kupalilia na kuvuna vina vitenzi vyake. Bibi akisema "nimelima, bado sijapanda", hajajirudia.

"Mchimba" au "mchimbaji"?

Mchimba lazima afuatwe na kitu: mchimba kisima, mchimba kaburi, mchimba madini. Akisimama peke yake ni mchimbaji. Wahariri, "wachimba watatu wafukiwa na kifusi" si Kiswahili. Watu wamepatwa na msiba, angalau waandikeni vizuri.

Kwa nini abiria wa basi wakienda kujisaidia porini husema wanakwenda "kuchimba dawa"?

Mganga huingia porini peke yake kuchimba mizizi, wala haulizwi. Nawe unajua unachokifuata huko. Chimba mbali na barabara, na mbali na mashamba ya watu.

Bosi wangu ana ekari mia mbili, hajawahi kushika jembe, ila kila Nane Nane anajiita mkulima. Ni sahihi?

Kamusi itamruhusu, maana neno limepanuka. Mimi ningemwita mwenye shamba. Mkulima ni yule kibarua anayelipwa naye.

"Mkulima" linatokana na "mlima"?

Rudi juu.