Maswali ya Wasomaji: Tupa Ndani ya Mkate wa Liyongo

Barua tulizochagua mwezi huu zinahusu jambo moja, nalo ni namna mhusika wa hadithi anavyokwepa kikwazo kwa akili pale ambapo nguvu haziwezi kumsaidia.

Shikamoo mhariri. Ninaandika hadithi fupi kuhusu msichana aliyefungiwa ghalani na baba yake mdogo ili asihudhurie kesi ya mirathi ya marehemu baba yake. Usiku anapapasa gizani, anagusa ufunguo uliosahauliwa, anafungua mlango na kutoroka. Wenzangu tunaosomeana kazi zetu wanasema sehemu hiyo haiaminiki, ingawa mimi naona watu husahau funguo kila siku. Nifanye nini? – Mwandishi chipukizi, Morogoro

Marahaba. Wewe umesema kweli kwamba watu husahau funguo, na wenzako pia wamesema kweli. Hakuna anayekataa kwamba jambo hilo linaweza kutokea. Kinachowakera ni kwamba halitokani na chochote tulichokwisha kuonyeshwa kuhusu msichana huyu wala kuhusu baba yake mdogo. Hiyo ni sadfa, na msomaji huipokea sadfa bila kinyongo inapomtia mhusika matatani, lakini huikataa inapomtoa.

Naomba urejee Utendi wa Fumo Liyongo, shairi refu la shujaa wa pwani yetu, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Mfalme wa Pate anamwogopa Liyongo kwa nguvu zake, na anatafuta njia ya kumwua. Katika jaribio mojawapo, watu walioahidiwa fedha wanafanya naye urafiki na kupatana kula makoma kwa kikoa, yaani kila mmoja apande mkoma kwa zamu yake na kuwaangushia wenzake matunda. Zamu ya Liyongo itakapofika, atakuwa juu mtini, mikono yake imeshika shina, nao watampiga mishale kutoka chini. Tazama jinsi mtego huu ulivyofungwa barabara. Akikataa zamu yake, amevunja mapatano ya kikoa na kujionyesha kuwa mwoga mbele ya wenzake, akipanda, amekufa. Liyongo hakatai wala hapandi. Anachukua upinde wake, anapiga mshale kwenye matunda, makoma yanaanguka, na wenzake hawana la kudai tena, kwa sababu makoma wameshayapata.

Upinde huo haukuokotwa njiani. Ni silaha yake, na kila msikilizaji anajua kwamba haachani nayo. Waliotega mtego walikuwa wakiutazama muda wote, wakauhesabu kuwa ni hatari kwao wakati wa kupigana, lakini hawakuuhesabu kuwa ni njia ya kuangusha matunda. Hapo ndipo utamu wa tukio unapotoka. Msikilizaji anatambua kwamba jibu lilikuwa mbele ya macho yake mwenyewe, naye hakuliona.

Tukio la pili la utendi huohuo linakuhusu wewe zaidi, kwa kuwa ni la kifungo. Liyongo amefungwa pingu na minyororo, na ameshaarifiwa kwamba atauawa. Mama yake humpelekea chakula kila siku kwa mkono wa kijakazi Saada, lakini walinzi hukinyang'anya kila kilicho kizuri na kumwachia mabaki. Liyongo anatunga wimbo, anamfundisha Saada akauimbe kwa mama yake, na ndani ya wimbo huo mna maagizo kwamba mama aoke mkate mbaya wa wishwa, yaani pumba, na kuficha katikati yake tupa, kile kifaa cha kukereza na kukatia chuma. Mama anatengeneza mkate huo pamoja na mikate mizuri. Walinzi wanaichukua mizuri kama ilivyo desturi yao, kisha wanamwachia mfungwa ule wa wishwa, na kwa kufanya hivyo wanampelekea tupa kwa mikono yao wenyewe. Kisha, alipoulizwa anatamani nini kabla ya kufa, Liyongo akaomba apigiwe ngoma ya gungu. Matari na matoazi yakapigwa, watu wakajaa, na sauti ya chuma kukata chuma ikamezwa na ngoma aliyoiomba mwenyewe.

Ninalipenda tukio hili kuliko mengi ninayoyajua, na sababu yangu ni hii: kila kilichomfunga Liyongo ndicho kilichomfungua. Uroho wa walinzi, ambao mwanzoni ulikuwa sehemu ya mateso yake, ndio uliopitisha tupa. Ukarimu wa mfalme kwa mtu anayekwenda kufa ndio ulioleta kelele. Hata wimbo hautushangazi, kwa sababu Liyongo ni mshairi, na hakuna mlinzi ambaye angeona ajabu kumsikia mshairi akiimba.

Sasa rudi ghalani. Usianze kwa kuuliza msichana atatokaje. Anza kwa kuuliza baba mdogo ni mtu wa namna gani, na ni jambo lipi ambalo hawezi kujizuia kulifanya hata anapojua kuwa ni hatari. Tuseme ni mfanyabiashara wa mahindi asiyemwamini mwanawe wa kumzaa, na kwa miaka yote amemtegemea msichana huyu kumwandikia hesabu za magunia. Basi hata baada ya kumfungia, usiku atamletea daftari, kwa sababu alfajiri wanunuzi wanakuja na hesabu lazima ziwe tayari. Daftari hilo litasomwa na watu walioko nje. Msichana ataandika nini ndani yake ambacho baba mdogo ataona ni hesabu, na mnunuzi mmoja ataona ni jambo lingine? Jibu hilo nakuachia wewe, ila onyesha daftari katika ukurasa wa kwanza, kabla mlango haujafungwa, na lionekane kuwa ni kitu cha kawaida ambacho msomaji anaweza kukipita bila kukijali.

Mhariri, ninafundisha darasa la tano. Kila ninapowasimulia hadithi za Sungura, wanafunzi wangu hushangilia anapodanganya na kuponyoka. Mzazi mmoja amenilalamikia kwamba tunawafundisha watoto ulaghai. Nimekosa la kumjibu. – Mwalimu, Lindi

Mwalimu, mzazi huyo anastahili jibu la dhati, kwa kuwa wasiwasi wake una msingi. Hila za wanyama katika hadithi zetu si za aina moja, na watoto wanaweza kabisa kusaidiwa kuona tofauti zake.

Mfano wa kwanza ni kisa cha kima na papa, ambacho Edward Steere alisimuliwa Zanzibar na kukichapisha katika mkusanyo wake wa mwaka 1870, na ambacho jamaa zake wa zamani wanapatikana katika Kalila wa Dimna, kitabu cha Kiarabu cha ngano za wanyama, na katika ngano za Uhindi. Kima anakaa katika mkuyu na kumtupia papa matunda kila siku, hadi urafiki unaota. Papa anamwalika kwao, anambeba mgongoni, na wanapofika katikati ya bahari anamweleza kwamba sultani wa kwao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba angeambiwa mapema angeuchukua, kwa maana kima wote huacha mioyo yao mitini wanapotembea. Papa anamrudisha, kima anaruka mtini, na urafiki umekwisha. Hapa anayedanganya ni mgeni aliyesalitiwa, asiyejua kuogelea, mbele ya mwenyeji mwenye meno. Sioni namna ya kumlaumu, na mtoto anayemshangilia anashangilia uhai.

Sungura wa mkusanyo huohuo ana tabia tofauti. Yeye huwaita wenzake kwenda kula asali akisema ni urithi aliouachiwa na baba yake, ilhali asali ni ya Simba, na Simba anapotokea, Sungura hujiokoa mwenyewe kwanza. Hata hivyo tukio la mwisho la kisa hicho linamgeuza upande: Simba anajificha ndani ya nyumba ya Sungura, naye Sungura, akiwa ameshuku, anasimama nje na kuiamkia nyumba. Nyumba inanyamaza. Anasema kwa sauti kwamba kila siku nyumba hii huitikia, leo pana nini? Simba anaitikia, na Sungura anakimbia akimwuliza ni lini nyumba ziliwahi kusema. Kwa hiyo mhusika mmoja, katika kisa kimoja, anatumia akili yake mara kwa wizi na mara kwa kuilinda nafsi yake. Waulize wanafunzi wako ni wapi walimshangilia zaidi, na kwa nini. Nina hakika darasa halitakuwa na jibu moja.

Mweleze pia mzazi kwamba fasihi simulizi haikumwacha Sungura bila mpinzani. Katika kisa kinachosimuliwa sehemu nyingi za Afrika Mashariki, wanyama wanachimba kisima wakati wa ukame, Sungura anakataa kufanya kazi, kisha anakuja kuyaiba maji kwa kuwarubuni walinzi kwa asali mmoja baada ya mwingine. Anayemkamata ni Kobe, aliyepaka ulimbo mgongoni na kujilaza majini kimya. Walinzi wenye nguvu walishindwa na mtu wa hila, na mtu wa hila akashindwa na mwenye subira ambaye hakuna aliyemtazamia. Sipendi kabisa vitabu vya watoto vinavyomsimulia Sungura peke yake na kumwacha Kobe nje, kwa sababu masimulizi yetu yanao wote wawili, na anayewasikia wote huondoka na mizani kichwani.

Ndugu mhariri, katika Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare, Portia anamwokoa Antonio, aliyemwekea mkopeshaji Shylock nyama ya mwili wake kuwa dhamana ya deni, kwa kusema kwamba mkataba unaruhusu ratili moja ya nyama lakini hautaji damu. Mimi naona huku ni kuchezea maneno, maana nani hajui kwamba nyama hukatwa na damu yake? Je, hila hii ni halali kwa mtunzi? – Msomaji, Unguja

Ndugu yangu, katika mahakama ya kweli hoja hiyo ingeyumba, nakubaliana nawe. Katika tamthilia inasimama, na aliyeisimamisha ni Shylock mwenyewe. Wasomaji wa tafsiri ya Mwalimu Nyerere, iliyotoka mwaka 1969, watakumbuka kwamba kabla ya hukumu Portia anamsihi Shylock aonyeshe huruma, naye anakataa. Shylock anapewa fedha maradufu ya zile dukati 3,000 alizokopesha, naye anakataa. Kisha Portia anamwomba walau amweke tabibu karibu ili Antonio asife kwa kutokwa na damu, na Shylock anajibu kwamba haoni jambo hilo likiwa limeandikwa katika mkataba. Hilo ndilo jibu linalomwangusha. Mtu aliyesema kwamba kisichoandikwa hakimhusu hawezi baadaye kudai damu ambayo haikuandikwa. Shakespeare alimpa nafasi ya kutoka zaidi ya mara moja, na kila mara Shylock mwenyewe aliufunga mlango.

Ndivyo afanyavyo Abunuwasi pia, anapoamriwa na sultani kujenga nyumba angani. Anarusha tiara, yaani kishada, yenye kengele, anawaambia watu kwamba sauti wanayoisikia ni ya mafundi walio kazini, kisha anataka sultani ampelekee watu wa kuwapandishia mawe na chokaa. Watu wanasema hakuna anayeweza kupanda angani, naye anauliza ni nani basi anayeweza kujenga huko. Amri isiyowezekana inajibiwa kwa kutekelezwa hadi mahali inapojivunja yenyewe.

Lakini hukumu ya Venisi ina upande ambao unanisumbua, na nadhani ndio unaokusumbua wewe pia chini ya swali lako. Abunuwasi ni raia mdogo mbele ya sultani, ilhali Shylock ni Myahudi anayedharauliwa na jiji zima, na baada ya hila ya Portia kufaulu, hawaishii kumwokoa Antonio. Wanamnyang'anya Shylock mali yake na kumlazimisha aache dini ya wazazi wake. Hila iliyoanza kumtetea aliye hatarini inamalizikia mikononi mwa wenye nguvu. Msomaji anayefurahi katika suala la damu ana haki ya kuacha kufurahi kurasa chache baadaye.

Je, simu za mkononi hazijaua hadithi za aina hii? Kila ninapomweka mhusika wangu hatarini, msomaji atauliza kwa nini asipige simu. – Mwandishi wa hadithi za upelelezi, Nairobi

Hazijaziua. Ila naomba uache kuandika kwamba mtandao haukuwepo au betri imekwisha, maana ni sadfa ileile ya ufunguo wa ghalani iliyogeuzwa kikwazo, na imechosha. Mwachie mhusika simu yenye chaji na mtandao, kisha ufanye kupiga simu ndiko kuwe hatari: mtekaji amesimama karibu naye, au mtu pekee anayeweza kumwokoa ndiye mtu ambaye mhusika hathubutu kumwamini.

Halafu tazama simu yenyewe inafanya nini zaidi ya kupiga. Mtu anapotuma fedha kwa M-Pesa, mpokeaji huletewa ujumbe wenye jina la mtumaji, kiasi na saa. Mtekaji akimlazimisha mhusika wako kutuma fedha, anaweza kusimama nyuma yake na kuhakikisha kwamba hakuna neno hata moja la kuomba msaada linaloandikwa, lakini tarakimu lazima ziandikwe, na huenda fedha hizo zikapitia kwanza katika simu ya dada yake. Shilingi 1,113 badala ya 1,100 inaweza kusema mengi kwa dada ambaye msomaji ameshamwona, sura mbili nyuma, akigombana naye juu ya deni dogo la shilingi kumi na tatu.