Eksirei Ni Safi, Mgongo Bado Unauma

SWALI: Kwa miezi minane sasa ninaumwa mgongo, sehemu ya kiunoni. Eksirei haikuonyesha kasoro, na ndugu zangu wanasema ni mawazo tu. Nimesoma mahali kwamba seli za tishu unganishi huweza kuzichokoza neva hadi mtu akahisi maumivu. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, eksirei hupiga picha ya mifupa, na tishu laini huonekana humo kwa shida sana, kwa hiyo picha safi haithibitishi kwamba unajisingizia.

Tishu unayoiulizia huitwa fasia. Aliyewahi kuchuna mnyama anaifahamu: ni ule utando mweupe unaong'aa, uliokumbatia misuli, unaoteleza chini ya kisu. Wanafunzi wa anatomia waliuondoa na kuutupa kwa miaka mingi ili waione misuli vizuri, na nadhani ndiyo maana tumechelewa kuuchunguza. Mwaka 2014 watafiti wa Ujerumani waliwadunga watu waliojitolea maji ya chumvi kali, mara katika fasia ya kiuno, mara katika misuli iliyo chini yake, wakakuta kwamba maumivu ya fasia yalidumu zaidi na kuenea mbali zaidi.

Ndani ya utando huo mna seli ziitwazo fibroblasti, ambazo hufuma nyuzi za kolajeni. Tishu ikijeruhiwa, baadhi yake hugeuka kuwa seli zenye nguvu ya kuvuta, nazo huikaza tishu nzima. Fibroblasti hutoa pia kemikali ya kukuza neva, ile iliyompatia Rita Levi-Montalcini Tuzo ya Nobel mwaka 1986 pamoja na Stanley Cohen, na kemikali hiyo huzifanya neva za maumivu ziwe nyepesi kushtuka, hata mguso mdogo ukauma. Neva nazo hazikai kimya: humwaga kemikali zao papo hapo kwenye tishu, zikapanua mishipa ya damu na kuzichochea fibroblasti upya.

Je, hayo ndiyo yanayokusibu wewe? Hapo ninasita. Mwaka 2009 Helene Langevin na wenzake, wa Marekani, walipima kwa altrasaundi na kukuta tishu unganishi ya kiuno ni nene kwa takriban asilimia 25 zaidi kwa wenye maumivu sugu kuliko kwa wasio nayo. Lakini walipima mara moja tu, na mtu anayeumwa hupunguza kujongea, jambo ambalo lenyewe linaweza kuinenepesha tishu. Kipi kilitangulia, kipimo hicho hakisemi. Dawa ya kuzuia ile kemikali ya neva, tanezumab, ilipunguza kweli maumivu ya magoti yaliyochakaa, ila viungo vya baadhi ya wagonjwa viliharibika haraka, na mwaka 2021 watengenezaji wakaiacha.

Kwa sasa, tembea kila siku na ujinyooshe taratibu, ukiongeza kidogo kidogo, badala ya kulala kutwa. Ukipata ganzi sehemu za siri, ukashindwa kuzuia mkojo au mguu ukalegea, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na ukiwa na homa au ukikonda bila sababu, usikawie kumwona daktari.